Kujaribu tena muunganisho ulioshindwa bila kuiangusha seva

Programu ikishindwa kuifikia seva, usiandike kitanzi kinachojaribu tena papo hapo. Seva iliyozidiwa inapoanza kuinuka, maelfu ya simu zinazoibisha hodi kila sekunde zitairudisha chini. Subira iongezeke maradufu kila jaribio linaposhindwa: sekunde 1, 2, 4, 8, 16. Weka na dari, tuseme sekunde 30, la sivyo jaribio la kumi na tatu litasubiri zaidi ya saa nzima.

Kuongeza maradufu peke yake hakutoshi. Programu zilizokatika pamoja zitasubiri pamoja na kurudi pamoja, wimbi lilelile, ila sasa linakuja kwa vipindi. Dawa yake ni kuchanganya nasibu, yaani namba ya kubahatisha:

dari_ya_sasa = min(30, 1 × 2^n)
subira = nasibu(0, dari_ya_sasa)

Hapa n, hesabu ya marudio yaliyokwisha fanyika, huanzia 0, kwa hiyo n ikiwa 3 subira itaangukia popote kati ya sekunde 0 na 8. Wengi huogopa hiyo sifuri, wakaongeza nasibu ya asilimia 5 tu. Hiyo haitawanyi kitu. Ukitaka uhakika wa kusubiri kidogo, anzia nusu ya dari: 4 hadi 8.

Si kila kosa linastahili kurudiwa. Muunganisho kukataliwa, muda kuisha, au majibu ya HTTP 429 (maombi mengi mno), 502, 503 na 504 (tatizo upande wa seva): jaribu tena. Ukipata 400, 401, 403 au 404 (kasoro ya ombi lenyewe), acha; nenosiri lisilo sahihi halitageuka kuwa sahihi baada ya sekunde 16. Jibu la 429 au 503 likija na kichwa cha Retry-After (seva ikitaja muda wa kusubiri), kitii hicho badala ya hesabu yako. Thamani yake huweza kuwa idadi ya sekunde au tarehe kamili, na msimbo mwingi husoma sekunde tu.

Penye hela pana hatari zaidi. Muda ukiisha, hujui kama ombi halikufika au lilifika na jibu likapotea njiani. GET, ombi la kusoma tu, unaweza kuirudia bila wasiwasi. POST (ombi la kutuma data) ya malipo ukiirudia kiholela, mteja atakatwa mara mbili. Tengeneza UUID (kitambulisho cha kipekee) moja kabla ya jaribio la kwanza, ihifadhi, na uitume ileile kila mara; seva ikiiona tena irudishe jibu la mwanzo bila kulipa upya. Kosa linalojirudia ni kuitengeneza ndani ya kitanzi, ambapo kila jaribio huonekana malipo mapya.

Angalia pia tabaka. Maktaba ya HTTP ikijaribu mara 3, huduma ya kati mara 3 na programu ya simu mara 3, seva ya mwisho hupata maombi 27 kwa bonyezo moja. Chagua tabaka moja, kwingine zima. Mtu akiwa anasubiri mbele ya skrini, majaribio 3 yanatosha; kazi za nyuma zipe zaidi, lakini ziwe na ukomo wa muda wote kwa jumla.

Kwa WebSocket, muunganisho unaobaki wazi, usirudishe n kuwa 0 mara tu muunganisho unapofunguka. Subiri udumu, mathalani sekunde 60, maana seva mbovu huweza kupokea na kukata palepale.

Unapopima kwenye Linux, tumia iptables, kichujio chake cha mtandao, kwa njia mbili: REJECT, ambayo huleta kosa mara moja, na DROP, ambayo huiacha programu ikingoja hadi muda uishe. Andika kwenye logi n, subira na aina ya kosa. Msimbo unaopita REJECT mara nyingi hukwama kwenye DROP, kwa sababu hakuna aliyeweka ukomo wa muda kwa kila jaribio.