Kusimamia programu kwenye seva ya Debian: soma kabla hujabonyeza Y

Mwongozo huu ni wa Debian, mfumo endeshi wa Linux. Ukiwa na Ubuntu amri ni zilezile, maana nayo hutumia apt, chombo cha kuweka, kusasisha na kuondoa programu. Nachukulia kwamba umeshaingia kwenye seva kwa ssh (njia ya kuingia mashine ya mbali) na una ruhusa ya sudo (kuendesha amri kama msimamizi).

1. Fanyia kazi ndani ya tmux

tmux ni programu inayoacha kikao chako kiendelee kwenye seva hata muunganisho ukikatika. Wengi huiruka hatua hii. Intaneti ikikatika wakati apt inafanya kazi, kikao chako hufa na kifurushi (programu unayoiweka kwa apt) kinaweza kubaki kimeingia nusu. Yalinikuta usiku mmoja nikisasisha seva ya mteja: umeme ulikatika nyumbani, modemu ikazima, na niliporudi kila amri ya apt ilijibiwa `dpkg was interrupted`, yaani dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kuweka vifurushi, kilikatishwa kazini. Tangu siku hiyo siigusi apt nje ya tmux.

```
sudo apt update
sudo apt install tmux
tmux new -s kazi
```

Mtandao ukikatika, ingia tena na uandike `tmux attach -t kazi`. Utaikuta kazi pale ilipofika, haikukusubiri.

Kama umeshakwama kama nilivyokwama mimi, malizia kilichobaki hivi:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
```

2. Chungulia kwanza

`sudo apt update` haibadilishi programu yoyote, inaleta tu orodha mpya kutoka kwenye maghala ya Debian. Baada ya hapo, jaribu kwa maigizo; mfano wetu ni nginx, programu ya seva ya tovuti:

```
apt policy nginx
apt install -s nginx
```

Ya kwanza inakuonyesha toleo ulilonalo, litakaloingia, na ghala linakotoka. Ya pili, kwa sababu ya `-s`, inaorodhesha yote yatakayofanyika bila kugusa kitu. Mistari ya `Inst` ni vitakavyowekwa. Tafuta `Remv`: hivyo ni vitakavyoondolewa. Ukiona `Remv` na hukuomba kuondoa kitu, simama hapo hapo. Mara nyingi chanzo ni ghala la nje lililoongezwa bila kufikiri, matoleo yake yakagongana na ya Debian.

3. Weka

```
sudo apt install nginx
sudo ss -tlnp
```

Kwenye Debian, huduma nyingi huwaka zenyewe mara tu zinapowekwa. Nginx itaanza kusikiliza mlango (port) wa 80 kabla hujaandika hata mstari mmoja wa mipangilio, kwa hiyo ngome ya mtandao (firewall) iwe tayari mapema. Amri ya `ss` inakuonyesha milango iliyo wazi na programu inayoishikilia.

4. Sasisha

```
apt list --upgradable
sudo apt upgrade
```

Ikifika faili ya mipangilio uliyoibadilisha, utaulizwa uchukue mpya au ubaki na yako. Usibonyeze kwa mazoea. Bonyeza `D` uone tofauti, kisha `N` kubaki na yako. Ile mpya itawekwa pembeni ikiwa na mwisho wa `.dpkg-dist`, utailinganisha kwa utulivu.

Kifurushi usichotaka kiguswe, kizuie kwa `sudo apt-mark hold` na jina lake. Lakini ujue umezuia pia marekebisho ya usalama. Pitia `apt-mark showhold` mara kwa mara, na kifungue kwa `unhold` sababu ikiisha.

5. Ondoa

`remove` huacha faili za mipangilio, `purge` huzifuta. Kwa hifadhidata naomba uwe mwangalifu sana: ukipiga `purge` kwenye mariadb-server, utaulizwa kama data nayo ifutwe. Chukua nakala kwanza, ihamishie mashine nyingine. Na `autoremove`, inayoondoa vifurushi visivyohitajika tena, isiendeshwe kwa `-y`, inayojibu ndiyo bila kukuuliza. Orodha yake isome jina kwa jina.

Kitu kikiharibika na hamkumbuki nani alifanya nini, fungua `/var/log/apt/history.log`. Humo kuna tarehe, amri iliyoandikwa, jina la aliyetumia sudo, na kila kifurushi kilichoguswa.