Vigae vya bafuni vilivyobandikwa kwenye jipsamu

Ukuta wa tofali tumeuzoea hapa Mwanza: tindo, nyundo, vigae vinashuka. Ila kwenye nyumba zilizogawanywa vyumba kwa jipsamu, yaani mbao za unga mweupe ulioganda na kufunikwa karatasi, usiende na mkono huo huo. Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio wa debe tupu, basi ndiyo yenyewe.

Tatizo ni kwamba gundi ya vigae hushikana na karatasi ya juu ya jipsamu. Ukichokonoa kigae kinatoka na karatasi, unga mweupe unabaki wazi, na juu ya unga huo kigae kipya hakishiki. Mimi nilimaliza siku nzima Nyegezi nikibandua kimoja kimoja, mwisho nikang'oa ubao wote hata hivyo. Jasho la bure!

Bora uutoe pamoja na vigae vyake. Zima umeme, funga koki ya maji, kwangua grauti, ule ujazo wa mistari kati ya vigae, kisha kata ubao kwenye mistari hiyo kwa msumeno mdogo. Usizamishe sana: ubao wa kawaida una unene wa milimita 12 hivi, na nyuma yake kunaweza kuwa na bomba au waya. Shusha vipande vidogo vidogo, maana ni vizito. Miwani na glovu usisahau, kigae kilichovunjika kinakata kama wembe.

Unaporudishia, usiweke jipsamu nyeupe ya dari. Sehemu ya kuogea weka ubao wa saruji, upake dawa ya kuzuia maji, ikauke, ndipo ubandike.