Kidukari wa karanga harithi ukoma

Mkulima wa Kongwa au Chamwino akikuta vidukari weusi, wadudu wadogo wanaofyonza mimea, wamejazana kwenye ncha za karanga hudhani wamevamia usiku. Mara nyingi alianza mmoja tu, aliyeletwa na upepo siku kadhaa nyuma.

Katika joto letu kidukari huyu hatagi mayai wala hahitaji dume. Jike huzaa majike walio hai, na kila mtoto hubeba urithi uleule wa mama yake. Tena mtoto huyo huzaliwa tayari ana watoto wake, yaani wajukuu wa mama huyo, wanaoanza kuumbika tumboni. Baada ya wiki moja hivi, akishajivua ngozi mara nne, naye anazaa. Mmea ukisongamana au ukianza kunyauka, mama huyohuyo huzaa watoto wenye mabawa, nao ndio wanaohama. Kwa hiyo kupulizia dawa ileile kila mara ni kujichimbia shimo: akinusurika mmoja mwenye ukinzani dhidi ya dawa hiyo, watoto wake wote watakuwa nao.

Kitu kimoja harithi, nacho ni virusi vya ukoma wa karanga, yaani rozeti, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 hapahapa nchini. Kidukari huzaliwa safi. Hubeba virusi baada ya kufyonza mmea mgonjwa, kisha hukaa navyo maisha yake yote. Mbegu nazo haziambukizi. Basi ugonjwa hutoka kwenye karanga zilizo hai, hasa maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe baada ya msimu uliopita. Yang'oeni kabla hamjapanda.

Pandeni mvua za kwanza za kutosha zikishanyesha, sentimita 50 kwa 10, na zibeni mapengo mapema. Najua wengi huku Dodoma hupanda kwa nafasi kubwa kwa kuhofia ukame, na hofu hiyo ina msingi. Lakini kidukari anayeruka huvutwa na mche uliosimama peke yake kwenye udongo mtupu. Majani yakifunika ardhi, wanaotua hupungua.

Kagueni ncha changa mara mbili kwa wiki hadi maua yatoke, maana mche ukiugua kabla ya hapo unaweza usizae kabisa. Sisimizi wakipanda shina kwa mstari, wanafuata majimaji matamu yanayotoka kwa vidukari.

Mche uliodumaa, wenye majani ya njano yaliyojikusanya, ung'oe na uutie mfukoni palepale. Ukiuburuta shambani, vidukari wataangukia miche mizima, na hao tayari wamebeba virusi.