SOMO: Kukagua skii za mtumba kabla hujatoa pesa (anza na buti, mbao ziwe mwisho)

Wadau wa Minnesota na wengine mlioko kwenye baridi, salaam. Oktoba imeingia na magulio ya vifaa vya skii yameanza. Klabu na vituo vya skii vinafungua milango wikiendi, watu wanaleta vifaa vyao vya zamani, na ukifika saa za mwisho unaweza kukuta seti nzima, mbao za kutelezea, vifungio vinavyoshika buti kwenye mbao, buti na fimbo, kwa dola 80. Marketplace ya Facebook nako kumejaa. Na inboksi yangu imejaa picha: "Mkuu, hii nichukue?"

Tatizo ni kwamba karibu kila picha ni ya mbao. Rangi kali, maandishi makubwa, mikwaruzo hakuna. Mimi nitakuuliza soli ya buti ikoje na vifungio ni vya modeli gani. Ubao mbovu utakuharibia siku. Kifungio kibovu kinaweza kugoma kuachia buti wakati umeanguka na mguu umejipinda, na anayelipa hapo ni goti au mfupa wa muundi. Ndiyo maana somo hili linakwenda kinyume na macho ya mnunuzi.

Naongelea skii za kuteremka mlima. Za kutembea kwenye tambarare nimezigusa kwenye maswali.

Hatua ya 1: Buti

Umri kwanza. Ganda la buti ni plastiki ngumu, mara nyingi poliurethani, na plastiki hiyo huzeeka hata ikikaa kabatini bila kuvaliwa. Unyevu wa hewa huila pole pole. Kwa macho unaona buti inang'aa, kumbe ukiibana kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri inaweza kukatika vipande mguuni. Buti ikizidi miaka kumi na kitu mimi naiacha, hata ikiwa ya bure. Baadhi zina alama ndogo ya mviringo ndani ya ganda, inayoonyesha mwaka wa kutengenezwa. Ikikosekana, kagua kuzunguka ribiti za bizimu, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Ukiona vistari vyeupe vyembamba vinatoka kwenye ribiti kama miale, rudisha buti mezani.

Kisha igeuze. Soli ndiyo inayoongea na kifungio. Buti za kawaida za mlimani hufuata kiwango cha ISO 5355, ambacho kinataka ule ulimi wa soli unaochomoza mbele uwe na unene wa milimita 19, kuzidi au kupungua moja, na wa nyuma milimita 30 kwa utaratibu huohuo. Mwenye buti akizoea kutembea nazo kwenye lami ya maegesho, soli inalika, kona zinakuwa mviringo, na kifungio hakijui tena kinashika nini. Nenda na rula. Watu watakuangalia, waache.

Kuna pia buti za siku hizi zenye soli ya mpira iliyopinda kidogo, zimeandikwa GripWalk. Ni tamu kutembea nazo, ila zinahitaji vifungio vinavyozikubali. Ukizipachika kwenye kifungio cha zamani zinaingia na zinalia "klak" kabisa, lakini hakuna uhakika kwamba zitaachia inavyopaswa.

Saizi husomwa kwa sentimita za unyayo: mwenye unyayo wa sentimita 26 anaanza na 26. Mara nyingi 26 na 26.5 ni ganda lilelile, tofauti iko kwenye soksi ya ndani ya buti, kwa hiyo muuzaji akikwambia "ni nusu kubwa zaidi" asikubabaishe. Toa ile ya ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole viguse mbele, halafu pima nafasi nyuma ya kisigino. Sentimita moja na nusu hadi mbili inamtosha anayeanza. Ngumi ikipita, hiyo si yako. Sponji iliyolala ndani huwezi kuifufua, na buti inayocheza mguuni huwezi kuiongoza.

Hatua ya 2: Vifungio

Hapa tulieni, maana ndipo pesa zinapopotelea.

Kila msimu kampuni za vifungio, kina Marker, Look, Salomon, Tyrolia, hutoa orodha ya modeli wanazoendelea kuzisimamia kisheria. Modeli ikishatoka kwenye orodha, duka la Marekani halitaigusa, si kwa sababu fundi ana roho mbaya, ila kukitokea ajali mzigo wote wa kesi ni wake. Sasa piga picha jina la modeli lililoandikwa kwenye kifungio na upige simu dukani KABLA ya kulipa: "Hiki mnakirekebisha?" Simu ya dakika mbili. Wakikataa, ile seti ya dola 80 imegeuka kuwa mbao zinazohitaji vifungio vipya, na vifungio vipya peke yake vinaweza kukuzidi bei uliyonunulia kila kitu.

Wakati unasubiri wapokee simu, kagua kwa mkono. Bonyeza breki chini na uachie: zinaruka au zinarudi kwa uvivu? Chini ya pale zinapokaa vidole vya buti kuna kibao kidogo laini, vingine vinateleza kushoto na kulia. Kazi yake ni kupunguza msuguano ili buti itoke kwa pembeni mguu unapozunguka. Kikiwa kimekwanguka au kimeng'oka, kifungio kimekufa hata kama springi ni nzima. Vifungio visivyo na breki, vyenye kamba tu ya kufunga mguuni, ni vya enzi za babu. Pambo la ukutani.

Tazama pia kidirisha chenye namba. Hiyo ni DIN, nguvu ya kuachia. Kifungio cha mtoto kinaweza kuishia 4.5, cha mashindano kinaweza kuanzia 8. Namba yako hutokana na uzito, kimo, umri, urefu wa soli kwa milimita na namna unavyoteleza, na fundi ndiye anayeipata kwenye jedwali. Wewe hakikisha tu namba yako haiko nje ya zile za kidirisha. Mtu mzima wa wastani anayeanza hawezi kutumia kifungio kinachoanzia 8, hata akipewa na bibi harusi.

Na tafadhali, wale mafundi wa bisibisi: kugeuza skrubu mpaka namba iseme 5 si kurekebisha. Kifungio kilichochakaa kinaweza kuandika 5 na kuachia kama 7. Ndiyo sababu duka lina mashine ya kupima.

Hatua ya 3: Ongeza gharama ya fundi kwenye bei

Kwa maduka ninayoyajua huku, kurekebisha na kupima ni kati ya dola 25 na 60. Kunoa kingo na kupaka nta ni nyingine. Jumlisha, kisha linganisha na kukodi. Ukienda mara moja au mbili kwa msimu, kodi. Narudia, kodi.

Hatua ya 4: Mbao

Sasa furahia rangi.

Ukiona mbao nyembamba, zimenyooka kama mstari, za sentimita 195 au 200, hizo ni za kabla ya mapinduzi ya miaka ya 90, pale Elan walipoingiza sokoni mbao zenye kiuno chembamba (SCX, 1993) na wengine wote wakafuata. Kiuno hicho ndicho kinachomsaidia anayeanza kukata kona. Za zamani achia watu wa makumbusho. Anayeanza achukue urefu wa kati ya kidevu na pua.

Zishikanishe tumbo kwa tumbo, yaani upande wa chini unaogusa theluji. Mbao za kawaida zitagusana mbele na nyuma na kuacha uwazi katikati. Pasipo uwazi kabisa, uhai umekwisha, isipokuwa zile zilizoundwa kujikunja juu kwa makusudi. Jaribu kutenganisha tabaka kwa kucha kwenye ncha na mkiani. Zikifunguka, maji yameshaingia.

Kingo za chuma: kutu ya juujuu inatoka kwa kifutio maalumu, isikutishe. Chuma kilichobaki chini ya milimita moja, au kilichong'oka sehemu, ndicho cha kukimbia. Hili ni muhimu zaidi kwetu Minnesota kuliko kwa ndugu zetu wa Colorado. Vilima vyetu, Buck Hill, Hyland, Afton Alps, ni vifupi na theluji yake nyingi ni ya mashine, ngumu kama sakafu. Bila kingo utateleza kwa makalio. Kwa sababu hiyohiyo usidanganyike na mbao pana za theluji laini ambazo mtu amehama nazo kutoka Denver. Kiunoni, milimita 70 na kitu hadi 80 zinatosha kabisa.

Tumbo lenye ukungu mweupe lina kiu ya nta tu. Shimo linaloonyesha mti au nyuzi za ndani ya ubao linatengenezeka, ila likiwa kando kabisa ya chuma bei ishuke sana au uondoke. Mwisho, hesabu matundu yaliyozibwa karibu na vifungio. Ubao uliotobolewa mara tatu, mimi sitaki mara ya nne iwe yangu.

Fimbo: igeuze juu chini, shika chini ya kile kisahani, kiwiko kifanye pembe mraba. Basi, isipokuwa zimepinda.

MASWALI YA WADAU

Mama wa watoto watatu, Brooklyn Park: Asante kwa somo. Watoto wanakua kila siku. Niwanunulie buti kubwa kidogo wazitumie misimu miwili?

Dada, hapana. Viatu vya shule sawa, buti za skii hapana. Mguu ukicheza ndani mtoto hawezi kugeuza ubao na atachukia mchezo wote. Uliza maduka kuhusu kukodi kwa msimu mzima: unachukua Oktoba, unarudisha theluji ikiisha, vifungio vimeshapimwa, na mengi yanakubadilishia saizi katikati ya msimu mguu ukikua. Huanzia dola mia moja na kitu kwa mtoto. Kwa watoto watatu, mimi ningefanya hivyo bila kufikiria mara mbili.

Mdau wa Aurora, Colorado: Bosi wangu kanipa mbao na buti zake bure. Buti zimenikaa vizuri sana. Duka limekataa vifungio. Je, nikienda mteremko wa wanaoanza tu, polepole, kuna shida?

Mkuu, kuanguka polepole ndiko kunakosokota goti, kwa sababu hakuna nguvu ya kutosha ya kufungua kifungio kilichokaza. Ukienda kasi angalau kinaweza kufyatuka. Buti umezipata, na kama soli na umri viko sawa hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Kodi mbao peke yake. Watakurekebishia vifungio kwa buti zako. Bosi mwambie asante, na usimwambie mengine.

Mdau asiyetaka kutajwa mji: Helmeti je? Kuna moja dola 10, haina hata mkwaruzo.

Hiyo nunua mpya. Povu la ndani likishapondwa na pigo moja kubwa haliponi, na ganda la nje halikwambii lolote. Dukani angalia alama ya kiwango cha usalama, ASTM F2040 au EN 1077. Mpya za bei ya chini zipo.

Mdau wa Makambako: Mimi sina theluji, nina baridi tu. Hayo makoti ya skii tunayopata mnadani ni mazima?

Hahaha, karibu kaka. Makoti ndiyo mtumba bora kuliko vyote, bodaboda wa Njombe wanalijua hilo kuliko sisi. Kagua zipu, kagua ile tepu inayoziba mishono kwa ndani. Ikianza kubanduka, mvua itapita.

Mdau wa Gothenburg: Huku wengi wanateleza tambarare, zile nyembamba. Kuna pea kwenye loppis (soko la mitumba) ya krona 150, ina buti. Vipi?

Hapo goti haliko hatarini kwa namna ileile, kwa kuwa kisigino kiko huru. Shida ni mifumo ya vifungio. Kuna pini tatu za zamani, kuna SNS, kuna NNN, na buti za mfumo mmoja haziingii kwenye mwingine. SNS inaondoka sokoni, kwa hiyo buti zikichakaa utahangaika kupata nyingine. Pea ya NNN ina maisha marefu zaidi. Uzito nao ni muhimu: simama juu ya mbao zote mbili kwenye sakafu, mwenzako apitishe karatasi chini ya mguu. Ipite kwa ulaini. Kisha hamishia uzito wote mguu mmoja, karatasi ikwame. Isipokwama, mbao hizo ni za mtu mzito kuliko wewe.

Ila uko Uswidi, ndugu yangu! Kabla ya krona 150, nenda Fritidsbanken. Wanaazimisha vifaa vya michezo bure kwa siku 14, watu wa umri wote. Azima kwanza ujue kama mchezo unakuingia.

Mdau wa Gothenburg: Mkuu sikujua. Na buti nazo wanaazimisha?

Nazo. Nenda mapema kabla ya likizo ya michezo ya Februari, la sivyo utakuta zimebaki namba 46 tu.