Lebo zinaprinti nje ya mstari kwenye Word? Angalia kwanza zinahama vipi

Habari wadau. Wengi wakiona anwani imepanda mstari wa stika wanaanza kupiga spesi na enta mpaka ikae, halafu likija jina refu kidogo kila kitu kinavurugika upya. Acheni hiyo.

Hatua ya 1. Printi kwenye karatasi ya kawaida, usichome stika bure. Iweke juu ya shiti ya stika, shika zote mbili dirishani uangalie kwenye mwanga. Hapa ndipo jibu lilipo, usiparuke.

Hatua ya 2. Kama mstari wa juu umekaa poa lakini kadiri unavyoshuka maandishi yanazidi kuhama, tatizo ni saizi. Mara nyingi Word au printa iko kwenye Letter, karatasi ya Marekani yenye urefu wa milimita 279.4, na wewe umeweka A4 ya 297. Badilisha sehemu zote mbili, kwenye Layout na kwenye setingi za printa yenyewe, maana ukibadilisha moja tu Word inaweza kubana ukurasa kimyakimya. Ingia File, Options, Advanced, shuka mpaka Print, toa tiki kwenye Scale content for A4. Ukiprinti kutoka PDF chagua Actual size, ile Fit ndo mchawi.

Hakikisha pia namba ya lebo uliyochagua kwenye Word ni ile ya kwenye boksi la stika. Kwa stika za kampuni ya Avery, L7160 ni lebo 21 kwenye A4, 5160 ni lebo 30 kwenye Letter, na watu wanazichanganya kila siku.

Hatua ya 3. Zote zimehama sawasawa? Hiyo ni margin tu, yaani nafasi tupu ya ukingoni mwa ukurasa. Zimeshuka milimita 2, punguza Top margin milimita 2, basi.

Zikienda mshazari, au kila shiti inahama kivyake, Word haihusiki, kaza vile vishikio vya trei viguse karatasi.

MASWALI

Swali: Mkuu stika zangu boksi halina namba yoyote, nafanyaje?
Jibu: Chukua rula. Mailings, Labels, Options, New Label, jaza vipimo. Angalia hapo kwenye pitch, sio upana wa lebo, ni kutoka ukingo wa lebo moja mpaka ukingo uleule wa inayofuata. L7160 lebo ina upana wa 63.5 ila pitch ni 66 na kidogo, ukiweka 63.5 safu ya tatu itakuwa imehama karibu milimita 5.

Swali: Mimi zimekaa vizuri ila jina linatokea lebo ya kwanza tu, nyingine tupu, data iko Excel
Jibu: Hujabonyeza Update Labels dada. Panga lebo ya kwanza, bonyeza hiyo, ndo umalizie merge, yaani kuingiza majina ya Excel kwenye lebo.

Swali: Shiti niliyotumia nusu naweza kuirudisha?
Jibu: Kwenye leza hapana. Pale ulipobandua gundi inaweza kubaki wazi, na ndani kuna moto, ikinasa kule utamwita fundi. Ya wino ina nafuu, ila nayo lebo iliyoinuka pembe inabanduka njiani.