Kabla ya Kwenda Maonyesho ya Sarafu: Kazi Inaanzia Nyumbani

Muuzaji akikukabidhi sarafu, una kama nusu dakika ya kuitazama kabla mtu mwingine hajanyoosha mkono. Nusu dakika haitoshi kujifunza kitu, inatosha kulinganisha tu na kile unachokijua tayari. Anayefika ukumbini akiwa na pochi na shauku peke yake hununua hadithi. Aliyekaa na karatasi na kalamu jioni mbili kabla ya siku yenyewe hununua sarafu.

Anza kwa kuamua unatafuta nini, tena kwa ufinyu. "Sarafu za zamani za Uganda" si jibu, maana hapo ndani kuna vipindi vinne au vitano visivyofanana hata kwa madini. Kabla ya sarafu kulikuwa na simbi, kauri zile zile zilizoliachia Kiganda neno ensimbi, yaani pesa. Ikaja rupia ya India, pamoja na rupia ya 1888 yenye jina la Mombasa. Zikafuata sarafu zilizoandikwa EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES. Rupia ilipoondolewa, florini ilipita haraka mwaka 1920, na 1921 ikaingia shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Benki Kuu ya Uganda ilifunguliwa Agosti 1966 na mwaka huo huo zikatoka sarafu za kwanza za nchi zenye korongo. Mageuzi ya Mei 1987 yalikata sifuri mbili, na mwaka 1998 ndipo zilipoanza sarafu tunazobeba leo: 50, 100, 200 na 500. Ile ya 1000 yenye rangi mbili ni ya 2012, ya miaka 50 ya uhuru.

Chagua kipindi kimoja, au aina moja ndani ya kipindi. Anayeanza hapotei akianza na shilingi za simba za Afrika Mashariki, kwa sababu si ghali, zimeenea, na zina mambo ya kutosha ya kukuweka macho. Andika orodha ya ulizo nazo kwa mwaka na alama ya kiwanda. Alama hizo ni herufi ndogo: H na KN ni viwanda vya Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Shilingi ya 1942 yenye H na ya 1942 yenye I ni sarafu mbili, si moja. Bila orodha utanunua unayo na utaacha usiyo nayo, na hili huwapata hata waliobobea.

Upande wa pili wa orodha hiyo tengeneza jedwali la vipimo. Hiki ndicho kipande cha karatasi chenye thamani kuliko vyote utakavyobeba. Rupia ya fedha: gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Shilingi ya Afrika Mashariki: gramu 7.78, kipenyo milimita 27.8. Thaler ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria: gramu 28.07, fedha asilimia 83.3. Rupia 15 ya dhahabu iliyogongwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo: gramu 7.17. Hii ya mwisho iandike ili ujikinge, si ili uinunue. Ya bandia ni nyingi mno, na ukitajiwa bei ya laki moja basi jibu unalo tayari.

Kwenye shilingi ya simba ongeza mstari mmoja. Iliyogongwa 1921 hadi 1946 ina robo tu ya fedha. Kuanzia 1948 haina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Hapa lugha yetu yenyewe inaleta matata, maana fedha ni madini na fedha ni pesa. Muuzaji anayesema "hii ni ya fedha" huenda hakudanganyi, lakini piga hesabu: robo ya gramu 7.78 haifiki gramu mbili za fedha halisi. Rupia moja ina zaidi ya gramu kumi na nusu. Zikiwekwa bei moja kwa sababu "zote ni za fedha", unajua pa kusimama.

Vifaa ni vichache. Mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kioo cha kukuzia cha mara kumi, sumaku ndogo yenye nguvu, kalipa ya plastiki ya kupimia kipenyo (ya chuma huchubua), tochi yenye mwanga mweupe kwa sababu taa za ukumbi hudanganya rangi, na kitambaa laini cha kutandika mezani ili sarafu ikiponyoka isigonge mbao. Simu iwe na chaji na picha za sarafu unazotafuta zihifadhiwe humo. Usitegemee data ukumbini.

Mizani hizi za bei nafuu zina tabia ya kuyumba. Nyumbani pima sarafu moja safi ya shilingi 500, andika namba, kisha iweke pochini. Ukifika ukumbini pima sarafu hiyo hiyo kabla ya kitu kingine. Namba ikibadilika, angalia mambo matatu: betri imechoka, meza imelala upande, au feni inapuliza sahani. Ukilipuuza hilo utamtuhumu mtu bure.

Jinsi ya kusoma uzito: sarafu iliyotumika hupungua, haiongezeki. Rupia iliyochakaa kusoma 11.4 si ajabu. Rupia yenye sura iliyofutika lakini inasoma 12 na kitu ndiyo ya kurudisha kwa heshima. Na iliyo safi kama ya jana huku ikisoma 9 na nusu, hiyo usiipime mara ya pili.

Sumaku nayo ina mipaka, na wengi huishika vibaya. Fedha, dhahabu na mchanganyiko wa kawaida wa shaba na nikeli havivutwi. Rupia au thaler ikiruka kwenye sumaku, mjadala umekwisha. Lakini sarafu za Uganda za 1987 ni za chuma, na nyingi za miaka ya karibuni vile vile, kwa hiyo kushikwa na sumaku kwake hakumaanishi lolote baya. Shilingi 100 ziko zinazoshika na zisizoshika, zote halali, na kwa mkusanyaji hizo ni aina mbili. Tena kutoshika hakuthibitishi kitu: shaba njano na risasi hazishiki pia, na waghushi wanalijua hilo tangu zamani.

Mitego mitatu ijue kabla hujatoka nyumbani. Wa kwanza ni thaler yenyewe. Imeandikwa 1780, na mwaka huo huo umeendelea kugongwa hadi nyakati zetu, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani, Uhabeshi na Uarabuni hawakukubali nyingine. Kwa hiyo "ina zaidi ya miaka mia mbili" ni maneno ya tarehe tu, na thaler ya kawaida hulipiwa fedha iliyomo na kidogo cha juu. Igeuze utazame ukingo: ya kweli ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoandikwa kuzunguka. Ukingo mtupu, wenye meno meno kama shilingi, au wenye mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, ni wa kuachwa. Kwenye kioo cha kukuzia tafuta vitundu vidogo kama vya chapati iliyoiva vibaya. Hivyo ni viputo vya hewa vya kumimina, na sarafu halisi hugongwa, haimiminwi.

Wa pili ni senti kumi yenye tundu ya 1936 yenye jina EDWARDVS VIII. Hadithi yake ni tamu: mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo bila kutawazwa, na Uingereza yenyewe haikuwahi kutoa sarafu zake mikononi mwa watu, ilhali huku kwetu zilitembea sokoni. Yote kweli. Ila ziligongwa kwa wingi na bado zimejaa kwenye makopo ya watu. Lipa bei ya senti kumi nzuri. Hadithi ni ya bure.

Wa tatu ni mfupi: shilingi ya Afrika Mashariki yenye Malkia Elizabeth haipo. Senti zake zipo, hadi senti 50. Shilingi ziliishia 1952 kwa jina la George VI.

Tazama pia majeraha. Shilingi na rupia nyingi zilivaliwa shingoni, kisha kitanzi kikakatwa na mahali pake pakasuguliwa. Pitisha tochi kwa ubavu kwenye ukingo juu ya kichwa cha mfalme: kovu la risasi ya kulehemu huonekana kama doa la kijivu lililopooza. Tundu la katikati ni la kiwandani. Tundu la pembeni ni la sonara, na hukata bei zaidi ya nusu.

Kama unakwenda kuuza au kubadilishana, tafadhali usisafishe. Majivu na ndimu, dawa ya meno, mchanga, Coca-Cola, vyote vinaondoa ngozi ya juu ya madini na kuacha mng'ao wa sufuria. Mkusanyaji anautambua akiwa hatua mbili nje ya meza. Sarafu yenye rangi ya uzee, hata nyeusi, huuzika. Iliyong'arishwa hupimwa kama chakavu. Vumbi na mafuta ya mikono peke yake unaweza kuyaosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kisha ugusishe taulo bila kusugua. Senti za alumini za 1907 na 1908 hata maji usizipe.

Ziweke moja moja katika vifuko vya kadibodi vyenye dirisha la plastiki, zenye namba na bei yako ya mwisho imeandikwa nyuma kwa penseli. Pini za stepla zilaze kwa koleo, la sivyo zitachana sarafu ya jirani. Zilizokaa kwenye kaveera moja, yaani mfuko wa plastiki, husagana njia nzima, na jasho la joto linabaki humo. Karatasi laini za albamu zinazonuka kama koti la mvua ni mbaya zaidi: plastiki hiyo hutoa ute wa kijani unaoganda kwenye shaba. Ukiuona ute huo kwenye sarafu ya mtu, usiihukumu haraka. Asetoni safi huweza kuutoa kama haujala madini. Ulizia punguzo.

Pesa zigawe. Weka kiasi cha siku katika bahasha, na ukomo uandike juu yake ukiwa bado nyumbani. Beba noti za 1000, 2000 na 5000 kwa wingi, kwa sababu muuzaji wa asubuhi hana chenji ya 50,000, na anayekosa chenji humalizia kwa kukuongezea sarafu usiyoitaka. Mobile money inakubalika, lakini utasikia "weka na ya kutolea". Hapo ada ya kutoa pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ni juu yako, kwa hiyo ihesabu kwenye bei kabla ya kukubaliana, si baada.

Wapigie waandaaji siku mbili kabla: kuna kiingilio? Asiye na meza anaruhusiwa kuuza? Wanafungua saa tatu kweli, au saa tatu ya mwaliko wa harusi? Asubuhi chaguo ni pana. Saa tisa alasiri, meza zinapoanza kukunjwa, bei hulegea. Kama kiu yako ni sarafu moja mahususi fika mapema. Kama ni kujaza mapengo ya bei ndogo, chelewa.

Kwa bodaboda, begi livaliwe mbele na simu isitoke mfukoni. Kwa taksi, usifungue albamu kiti cha nyuma eti unapitia orodha. Rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, ule nje, unawe, ndipo uingie; mafuta ya mayai kwenye kidole huacha alama ambayo baada ya miezi inakuwa doa la kudumu. Glovu za pamba hazina haja sana, huteleza. Mikono mikavu na kushika ukingo kunatosha.

Mezani, omba kwanza: "Ssebo, naomba kuipima hii," yaani bwana kwa Kiganda, au nnyabo kama ni mama. Shika juu ya kitambaa, sarafu moja kwa wakati, na uirudishe ulipoitoa kabla ya kugusa ya pili. Usitangaze kwa sauti kwamba ni bandia hata ukiwa na uhakika. Rudisha, shukuru, sogea. Bei ikishindikana, acha namba yako ya simu na kiasi chako. Jioni mara nyingi simu inalia.

Noti nazo utazikuta, hasa mabunda ya kabla ya 1987. Sifuri mbili zilikatwa na juu yake asilimia 30 ikachukuliwa kama kodi, ndiyo maana familia nyingi zilibaki na maboksi. Noti yenye mikunjo hainunuliwi bei ya iliyonyooka, na wapo wanaozipiga pasi. Imulike kwa nyuma. Mkunjo uliopigwa pasi hupitisha mwanga.

Nyumbani andaa kabisa mahali pa kurudia: kopo lisilopitisha hewa, vipakiti viwili vitatu vya kunyonya unyevu, na daftari. Usiku huo huo andika tarehe, bei, uzito uliosoma, na meza uliyonunulia. Kesho yake hutakumbuka ipi ilitoka wapi.