Namna ya kusikiliza simfoni hadi mwisho bila kupotea njia

Simfoni ni kazi ndefu ya muziki wa okestra, yaani kundi kubwa la wapiga ala, na nyingi huchukua kati ya dakika 25 na 45. Aghalabu hazina mwimbaji, na melodi zake hazitulii mahali pamoja. Anayeiwasha huku akifanya kazi nyingine huona sauti zinapanda na kushuka tu, kisha anahitimisha kwamba muziki huu unachosha. Dawa yake ni kushika melodi fupi mwanzoni, kuikariri hata kwa kuimba midomo ikiwa imefungwa, halafu kufuatilia inavyofanywa. Watunzi wa simfoni waliandika wakitegemea kwamba msikilizaji anakumbuka. Asiyekumbuka kilichopigwa dakika ya kwanza hawezi kushtuka kinaporudi dakika ya tano kikiwa kimegeuzwa.

Tayarisha kifaa kwanza

Spika ya simu haifai. Dabo besi, ala ya nyuzi yenye sauti nzito, hushuka hadi takriban Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sauti nzito kiasi hicho. Utasikia violini zikielea bila msingi, na nusu ya mazungumzo ya ala itakupita. Tumia hedifoni, si lazima ziwe za gharama, au spika mbili zilizotenganishwa, wewe ukae katikati.

Tatizo linalofuata ni ukubwa wa sauti. Nyimbo za redioni hubanwa ili zisikike kwa nguvu karibu sawa mwanzo hadi mwisho. Rekodi ya okestra kwa kawaida haibanwi hivyo: violini zinaweza kunong'ona sasa hivi, na baada ya sekunde kumi ala zote zikalipuka. Ukipandisha sauti ili usikie mnong'ono, mlipuko utakuumiza masikio. Kwa hiyo anza na sehemu yenye kishindo, ambayo mara nyingi ni dakika ya mwisho, weka sauti kiwango unachokivumilia, kisha rudi mwanzo na usiguse tena. Kama mwanzo hausikiki hata baada ya hapo, basi kelele za chumbani zimezidi. Funga dirisha au subiri usiku.

Kwenye programu ya muziki zima mambo matatu: kuchanganya mpangilio wa nyimbo, kufifisha mwisho wa wimbo mmoja ndani ya mwanzo wa mwingine, na kusawazisha sauti kwa kila wimbo. Hilo la tatu hudhuru kimyakimya, maana huipandisha sehemu ya polepole iliyotakiwa kuwa ya chini hadi ilingane na sehemu ya kishindo.

Kusoma jina la kazi

Jina kama "Beethoven, Simfoni Na. 5, C maina, Op. 67" linakupa mtunzi, aina ya kazi, namba yake, ufunguo (noti kuu ambayo muziki umejengwa juu yake), na namba ya uchapishaji. Kazi za Mozart hutambulishwa kwa herufi K, za Bach kwa BWV. Chini yake utaona sehemu, kwa kawaida nne, zenye maneno ya Kiitaliano yanayoeleza mwendo: Allegro ni haraka, Andante ni mwendo wa kutembea, Adagio na Largo ni polepole, Presto ni mbio. Unapotafuta, andika jina la mtunzi na namba, kisha jina la mwongozaji wa okestra, na uhakikishe sehemu zote zipo na zote ni za rekodi moja. Orodha za "muziki wa kutuliza akili" zikwepe kabisa. Hukata sehemu moja ya polepole kutoka kila kazi na kuziunganisha, na matokeo yake ni saa nzima ya muziki usioelekea popote.

Anza na Boléro

Kabla ya simfoni, fundisha sikio kutofautisha ala. Boléro ya mtunzi Mfaransa Ravel (1928) inafaa kuliko kazi nyingine yoyote kwa sababu karibu kila kitu ndani yake hakibadiliki. Ngoma ndogo hupiga mdundo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, kama dakika 15, na melodi ni ileile yenye nusu mbili. Kinachobadilika ni nani anaibeba. Filimbi hutangulia, peke yake, kwa sauti ya chini. Inafuata klarineti, kisha basuni (ala ya kupuliza yenye sauti nzito) kwenye noti za juu zinazoifanya ilie kama inalalamika. Baadaye wanakuja saksafoni, na tromboni inayoteleza kati ya noti.

Isikilize mara ya kwanza ukitaja kila ala inapoingia, hata kwa kubahatisha. Mara ya pili sahau melodi kabisa na ufuate ngoma ndogo pekee. Utagundua ni vigumu, kwa sababu ala nyingine zinaanza kuusaidia ule mdundo na kuifunika. Kuna mahali pembe (ala ya shaba ya kupuliza), selesta (ala ya vibonye inayolia kama kengele ndogo) na filimbi ndogo mbili hupiga melodi pamoja katika funguo tofauti, na sikio linaamini limesikia kinanda cha kanisani. Okestra haina kinanda hicho. Karibu kabisa na mwisho, baada ya robo saa ya ufunguo wa C, muziki unaruka ghafla kwenda E kwa muda mfupi kisha unarudi na kuporomoka. Ukiuhisi mruko huo tumboni, sikio limeshaanza kufanya kazi.

Sasa Beethoven, sehemu ya kwanza tu

Simfoni ya 5 ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Sehemu yake ya kwanza huchukua kama dakika saba na nusu, na mbegu yake ni noti nne: tatu fupi, moja ndefu. Karibu kila kitu kimejengwa kwa noti hizo. Isikilize mara nne, kila mara na kazi moja.

Mara ya kwanza, tafuta mipaka. Kwanza vinatambulishwa vitu viwili: zile noti nne zenye hasira, na melodi laini ya violini inayotanguliwa na mwito wa pembe. Hapo ni kama dakika moja na nusu, kisha waongozaji wengi hurudia yote kama ilivyoandikwa. Watu wengi hupotea hapa wakidhani rekodi imekwama. Halafu kinakuja kipande cha kuvurugavuruga, ambamo vitu vile vinakatwa na kurushwa huku na huko. Kisha vinarudi vyote kwa mpangilio wa awali, na baada yake unafuata mkia, yaani kipande cha kumalizia. Kwa watunzi wengi mkia ni mfupi, lakini huu una urefu unaokaribia kila kimoja cha vile vipande vitatu.

Mara ya pili, sikiliza chini. Melodi laini inapoimbwa na violini, kisha klarineti, kisha filimbi, chini yake sello na besi zinaendelea kugonga zile noti nne taratibu. Hasira haikuondoka, ilishuka tu ghorofa ya chini.

Mara ya tatu, ngoja mwisho wa kipande cha kuvuruga. Ule mwito wa pembe unapunguzwa hadi kubaki noti mbili mbili, halafu moja moja, zikijibizana kati ya ala za kupuliza na za nyuzi huku sauti ikififia. Mtunzi ameivunja melodi hadi haitambuliki, halafu anairudisha yote kwa nguvu.

Mara ya nne, angalia kilichobadilika katika marejeo. Punde baada ya kurudi, okestra inanyamaza na oboe (ala ya kupuliza ya mti) inaimba sentensi fupi peke yake, polepole, ambayo haikuwapo mwanzoni. Mbele kidogo, mwito uliopigwa na pembe sasa umepewa mabasuni. Pembe za enzi hiyo hazikuwa na vali (vitufe vya kubadilisha noti), na mwito huo sasa uko katika ufunguo mpya ambao noti zake zilizipa taabu. Baadhi ya waongozaji wa karne ya 20 waliurudisha kwa pembe, kwa hiyo ukisikia pembe katika rekodi yako, sikio halijakosea.

Ukimaliza hapo, linganisha rekodi mbili. Ya Carlos Kleiber na Wiener Philharmoniker, okestra ya Vienna, ni ya kasi na yenye mvutano, kwa ala za kisasa. John Eliot Gardiner na Orchestre Révolutionnaire et Romantique wanatumia ala za namna ya enzi za Beethoven, hivyo sauti ni kavu na timpani (ngoma kubwa za umbo la bakuli) zinagonga waziwazi. Simfoni nzima isikilize siku nyingine. Sehemu ya tatu haikatiki: inazama hadi timpani pekee zinagonga gizani, kisha inalipuka kuingia ya nne, ambako tromboni tatu, filimbi ndogo na kontrabasuni (basuni kubwa zaidi) zinaingia kwa mara ya kwanza katika simfoni yote. Programu yenye mapengo kati ya nyimbo huua mlipuko huo.

Cha kusikiliza baadaye

Kwa anayependa melodi za kuimbika, Simfoni ya 9 ya Dvořák, iliyopigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893. Anza na Largo, ambako kona anglese, dada wa oboe mwenye sauti nzito, inabeba melodi. Kwa mchezo, sehemu ya pili ya Simfoni ya 94 ya Haydn: mtindo wa melodi moja inayobadilishwa nguo, na kishindo cha bar (kipimo cha mapigo) ya 16 usimsimulie rafiki kabla hajakisikia. Vltava ya Smetana hufuata mto tangu chemchemi mbili, zinazopigwa na filimbi na klarineti, na haizidi sana dakika 12. African Suite ya Mnigeria Fela Sowande (1944) ni ya ala za nyuzi na kinubi, na sehemu yake ya kwanza itamchezesha mtu begani. Anayetaka giza apokee Simfoni ya 40 ya Mozart (1788).

Mahler mwache kwanza. Simfoni yake ya 3 hupita dakika 90, na mwanafunzi anayeanzia hapo huwa harudi. Rite of Spring ya Stravinsky (1913), kinyume na inavyodhaniwa, haiwasumbui wengi waliokulia kwenye ngoma. Mapigo yanayohama hama ndiyo yanayowashika.

Ukienda ukumbini

Kaa mbali kidogo na jukwaa, roshani ya mbele ikiwezekana. Safu za kwanza zitakupa violini peke yake. Usipige makofi kati ya sehemu moja na nyingine, na usitegemee kishindo kukuambia kazi imekwisha. Sehemu ya tatu ya Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky inamalizika kwa shangwe kiasi kwamba kumbi nyingi hupiga makofi, kumbe bado ipo ya nne, ya polepole, inayozimika hadi kimya. Tazama mikono ya mwongozaji. Ikishuka na yeye akageuka, ndipo upige.